Chumvi kwanza, kutu baadaye: kufufua vyuma vya zamani Tanga

Adui wa chuma Tanga ni chumvi. Upepo wa bahari unaipeleka mpaka uani na ndani ya makabati, inatua juu ya chuma kama vumbi lisiloonekana, na hewa inapofika unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi ile inavuta maji yenyewe na kuyeyuka. Haihitaji mvua wala umande. Ndiyo maana spana iliyolala kabatini mtaa wa Ngamiani bila kuguswa na tone la maji inakutwa asubuhi na vipele vya rangi ya chungwa. Na ndiyo maana mtu anasugua jiliwa, kile kibano cha meza ya fundi, mpaka linang'aa, analipaka rangi safi, masika yakipita rangi imeota malengelenge. Kutu aliitoa, ila chumvi ilibaki ndani ya vishimo.

Maelezo haya yanafuata vitu viwili ambavyo havikosekani kwa wauza vyuma chakavu wa mji huu: jiliwa la zamani la kasti, yaani chuma cha kumimina, na habu ya nyuma (kitovu cha gurudumu) pamoja na krenki za baiskeli. Ukivimudu hivyo, cherehani, bawaba, pampu ya mkono na makufuli vitakuwa kazi ya kawaida.

Jua unashika nini

Chukua sumaku na tupa ndogo. Kikishika sumaku, ndani ni chuma, hata kama juu kinang'aa kwa kromu au kina rangi ya kijivu ya zinki. Kisiposhika, mara nyingi ni shaba au alumini, na hivyo vina dawa zao. Kwaruza kidogo mahali pasipoonekana: chini ya zinki utaona mstari mweusi zaidi wa chuma, na shaba itajitaja kwa rangi.

Hii si kazi ya kupita juujuu. Asidi ya aina yoyote inakula zinki kwa dakika chache huku ikitoa povu. Maji ya soda eshi, ile ya kutengenezea sabuni, yanakula alumini. Na ukiloweka shaba na chuma katika beseni moja la asidi, shaba iliyoyeyuka inahamia kwenye chuma na kukipaka wekundu. Kila metali iwe na chombo chake.

Kasti nayo ina tabia yake: haipindi, inapasuka. Mwili wa jiliwa haupigwi nyundo hata kama umegandamana.

Kufungua vilivyoganda

Piga picha kwa simu kila hatua, na tunga washa na nati kwenye waya kwa mpangilio uleule ulivyozitoa. Kisha kumbuka kwamba baiskeli ina sehemu mbili zinazofunguka kinyume. Pedali ya kushoto inafunguliwa kwa kuzungusha upande wa saa unakokwenda. Kikombe cha ekseli ya krenki upande wa cheni nacho, katika baiskeli za muundo wa Kiingereza ambazo ndizo zimejaa Tanga, ni kinyume vilevile. Wengi wanadhani kimeganda, wanatia bomba kwenye spana kuongeza nguvu, kumbe wanakikaza mpaka nyuzi zinatoka.

Kwa nati iliyoganda kweli, changanya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, ndani ya kichupa cha kioo au cha bati. Tikisa kila unapotumia, kwa sababu vinajitenga. Dondoshea, subiri usiku mzima, dondoshea tena. Mchanganyiko huu unashika moto upesi kuliko unavyofikiri, kwa hiyo usiiguse kazi hiyo kwa moto mpaka uwe umeufuta na asetoni imekauka kabisa.

Kabla ya kulegeza, kaza kidogo. Ndiyo, kaza, robo ya robo ya mzunguko. Kutu kati ya nyuzi ni unga uliobanwa, na msogeo wa kwanza unaupasua. Ukigoma upande mmoja, nenda upande wa pili, rudi, mpaka usikie mlio mkavu kama wa kijiti kinachovunjika. Hapo umeipata. Usizungushe moja kwa moja mpaka mwisho, nenda nusu mzunguko, rudi robo, tia mafuta.

Ikikataa bado, pasha nati yenyewe, si bolti, kwa moto mdogo mpaka mshumaa ukiigusa uyeyuke. Gusisha mshumaa kwenye ungio: nta inanyonywa ndani ya nyuzi mahali ambapo mafuta hayakufika. Fungua ikiwa bado ya moto. Usipashe kitu chenye zinki, moshi wake mweupe unamwangusha mtu kwa homa jioni ileile.

Kotapini, ile pini inayofunga krenki kwenye ekseli, inaharibiwa na nyundo ndogo. Legeza nati yake mpaka uso wake ulingane na ncha ya pini, weka kipande cha bomba la chuma chini ya krenki kusimama mpaka sakafuni, kisha piga pigo moja zito, kwa nyundo ya kilo moja na nusu au mbili, juu ya kipande cha shaba. Bila bomba la chini nguvu yote inaishia kwenye gololi. Pigo kumi ndogo zinapanua kichwa cha pini, na baada ya hapo ni kazi ya kutoboa kwa drili.

Ukifungua habu hesabu gololi kabla hazijatawanyika. Kwa kawaida nyuma ni 9 za robo inchi kila upande, mbele ni 10 za 3/16, ekseli ya krenki ni 11 za robo inchi kila upande. Zitupe zote, ununue mpya. Gololi ni bei ndogo kuliko kikombe zitakachokula.

Mafuta, halafu chumvi

Grisi ngumu ya zamani inakwanguliwa kwa kijiti na kuoshwa kwa mafuta ya taa au dizeli na mswaki. Petroli iache kwenye pikipiki. Baada ya hapo osha kwa maji moto na sabuni ya unga mpaka maji yasimame juu ya chuma kama utando mmoja. Yakijikunja kuwa matone, bado kuna mafuta, na penye mafuta asidi haigusi kutu.

Sasa ondoa kutu iliyolegea kwa brashi ya waya na mkwanguo, huku chuma kikiwa kimelowa. Rangi za zamani mara nyingi zina risasi, usizipige msasa mkavu wala usizichome.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa. Loweka kila kitu katika maji matupu, saa 24, badilisha maji, saa 24 tena. Jiliwa lililokaa karibu na ufukwe lipe mabadiliko manne au matano. Chumvi iliyojificha chini ya kutu haitoki kwa kumwagiwa maji juu, inatoka polepole kwa kuyeyuka na kusambaa. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa baada ya mvua kulisafisha bati kwa dakika kadhaa. Maji ya kisima cha pwani mengi yana chumvi yake, utakuwa unatoa kwa mkono huu na kurudisha kwa ule. Ukiongeza gramu 20 za soda eshi kwa lita, kutu mpya haitaota wakati wa kuloweka na chumvi inatoka vizuri zaidi. Wahifadhi wa makumbusho wanafanya hivyohivyo kwa nanga na mizinga iliyotolewa baharini, ila wao wanahesabu miezi.

Beseni la ndimu ya unga

Kwa vitu vidogo vya chuma, ndimu ya unga ndiyo dawa bora: nafuu, haina harufu, na haina kloridi, ile sehemu ya chumvi inayokula chuma. Gramu 50 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu kwa kutu ya kawaida, gramu 100 kwa kutu nene. Lita 10 za dawa, yaani nusu kilo ya ndimu, zinatosha krenki mbili, habu, nati zote na spana kadhaa. Chombo kiwe cha plastiki.

Zamisha kila kitu kizame kabisa. Chuma kinachochungulia juu ya maji kinaliwa mstari pale hewa na asidi vinapokutana, na mstari ule hautoki tena. Vining'inize kwa kamba ya katani ili vipovu visikwame chini. Angalia kila nusu saa, sugua kwa brashi, rudisha. Saa 2 hadi 6 zinatosha mara nyingi. Kuacha mpaka kesho ni uvivu unaolipiwa: kutu ikiisha asidi inaanza chuma chenyewe, uso unakuwa wa kijivu na mkwaruzo kama msasa, na wakati mwingine unaota ukoko wa njano unaosumbua kuliko kutu yenyewe.

Siki nyeupe ya asilimia 5 inafanya kazi ileile bila kuchanganywa na maji, ila inataka saa 12 hadi 24 na chumba kitanuka. Ndimu na malimao mabichi kutoka Muheza yatafaa kwa bawaba mbili, kwa jiliwa utamaliza gunia.

Kuna watu wanakimbilia asidi ya betri au ile kali ya kusafishia vigae vya choo. Ya betri inaunguza ngozi na macho, na inakula chuma haraka kuliko unavyoweza kuwahi. Ya vigae ni mbaya zaidi kwa kazi hii: ni kloridi tupu. Inaondoa kutu kwa dakika kumi, inaacha ndani ya vishimo kitu kilekile ulichokuwa unakifukuza siku tatu, na mvuke wake unatia kutu vifaa vyote vilivyo chumba kimoja nayo.

Springi na kitu chochote chenye ugumu wa springi kinachobeba mzigo usikitie katika asidi wala katika umeme unaofuata hapa chini. Haidrojeni inaingia ndani ya chuma na springi inakatika bila kukuonya. Hizo zisugue kwa mkono.

Kwa jiliwa: umeme

Mwili wa jiliwa una mapango na vishimo ambavyo brashi haifiki, na kulinunulia ndimu ya kutosha ni gharama. Hapa tumia umeme wa volti 12.

Ndoo au pipa la plastiki, maji ya lita 20, gramu 80 hadi 100 za soda eshi, inayouzwa penye malighafi za kutengenezea sabuni. Magadi ya sokoni yanayopikiwa maharage yanaweza kupitisha umeme, lakini huwa na chumvi ndani yake, yaache jikoni. Panga vipande vinne vya nondo kuzunguka ndani ya ndoo na uviunge kwa waya mmoja. Ning'iniza jiliwa katikati kwa waya mnene, lisiguse nondo wala sakafu ya ndoo. Waya hasi wa chaja ya betri unakwenda kwenye jiliwa, waya chanya kwenye nondo. Ukikosea, jiliwa ndilo litakaloliwa na nondo zitabaki safi, kwa hiyo kagua mara mbili kabla ya kuwasha.

Mkondo wa ampea 2 hadi 5 unatosha. Ukiwasha utaona vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye jiliwa na povu la kahawia likijikusanya juu. Kisipotoka kipovu, mara nyingi tatizo ni pale waya ulipogusa chuma: kwangua mpaka chuma cheupe ndipo ufunge. Chaja za kisasa zenye kompyuta ndani hazitoi umeme zisipohisi betri, unganisha betri ya gari sambamba nayo au tafuta chaja ya zamani ya sindano.

Makatazo ni manne na yote yana sababu. Usitumie chuma kisichoshika kutu, kama vijiko na masinki, badala ya nondo: kromu yake inageuka sumu ya njano ndani ya maji, sumu ya saratani. Usitumie bomba la zinki. Usiongeze chumvi ili mkondo upande, utatoa gesi ya klorini na kulirudisha jiliwa baharini. Na usifanye ndani ya chumba kilichofungwa wala karibu na jiko, vile vipovu ni haidrojeni. Zima chaja kwanza, ndipo uchomoe waya.

Baada ya saa 12 hadi 24 kutu nyekundu itakuwa imegeuka ukoko mweusi laini unaotoka kwa brashi na maji. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba haiwezi kuzidisha: kutu ikiisha, chuma kizima hakiguswi. Maji yake hayachakai, ongeza tu yanayopungua. Nondo ndizo zinazoliwa.

Kromu na shaba

Rimu na usukani wa kromu wenye vipele: finyanga karatasi ya foili ya jikoni, chovya kwenye maji, sugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, haikwaruzi, ila inaondoa kutu. Kromu iliyokwisha kufunuka haitarudi, usiitie kwenye umeme, itabanduka zaidi.

Kwa shaba, bibi zetu walimaliza utafiti zamani: ukwaju uliolowekwa, kusugua, kusuuza. Unafaa bawaba, makufuli na vile vichwa vya misumari vya milango ya zamani. Ndimu na chumvi ya mezani vinang'arisha haraka zaidi lakini usiposuuza mara tatu utaona kijani ndani ya wiki. Dakika kumi zinatosha. Shaba ya njano ikikaa sana kwenye asidi inakuwa ya waridi, kwa sababu zinki imeondoka ikabaki shaba nyekundu juu. Kung'arisha, chukua bunda la nyuzi za katani, lisokote ngumi moja, litie sabuni ya kung'arishia. Viwanda vya ng'ambo vinanunua katani kwa kazi hiihii, sisi tunayo nyuma ya nyumba. Mlango wa kale, hata hivyo, ufikirie mara mbili. Weusi ule uliokaa miaka mia ni kinga, na uzuri wake haununuliki.

Dakika kumi za hatari

Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi. Tanga kitaota kutu ya manjano ukikitazama, kabla hujamaliza kutafuta kitambaa. Kwa hiyo andaa kila kitu kabla ya kukitoa: beseni la maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha soda eshi kwa lita, sufuria ya maji ya mvua yaliyochemka, taulo kavu, jiko la mkaa lililokolea, na mafuta au praima (rangi ya kwanza) iliyokwisha kukorogwa.

Toa, tumbukiza kwenye soda dakika kumi ukisugua, suuza, kisha zamisha kwenye maji yanayochemka mpaka chuma kipate moto wote. Kikitoka kitakauka chenyewe kwa joto lake. Kipanguse, kiweke karibu na mkaa, si juu yake, mpaka kiwe cha moto wa kushikika kwa kitambaa tu. Kasti inapitishwa kwenye joto polepole, ukiitoa baridi na kuitumbukiza kwenye maji yanayochemka inaweza kupasuka. Anza na maji ya uvuguvugu.

Kabla ya kufunika chochote kwa rangi, kipime. Acha kipande kikavu kivulini usiku mmoja. Kutu nyepesi ya unga, iliyosambaa sawa, si neno, inafutika kwa stiliwaya. Tafuta kitu kingine: vitone vidogo vinavyong'aa ndani ya vishimo, vyenye rangi ya chai na ukingo wa chungwa, vinavyobaki majimaji hata saa 4 asubuhi wakati kila kitu kimekauka. Hiyo ni chumvi inavuta maji. Rudi kwenye kuloweka, hakuna rangi itakayoishinda.

Kufunika

Sehemu zinazosugana, kama skrubu ya jiliwa, zinapata grisi. Sehemu zinazoshikwa kwa mkono zinapata nta: gramu 100 za nta ya nyuki, zinayeyuka kwenye bakuli lililowekwa juu ya maji ya moto, sufuria inaondolewa motoni kabisa, ndipo unamimina mililita 200 za tapentaini ukikoroga. Ikipoa ni malai. Paka chuma kikiwa na joto ili iingie kwenye vishimo, subiri dakika 20, futa inayozidi. Rudia kila miezi miwili au mitatu.

Oili chafu ya injini, kipenzi cha gereji zote, haifai. Ina asidi na maji ya mwako ndani yake, na masizi yake si mazuri kwenye ngozi.

Rangi inataka subira. Praima nyekundu ya oksaidi, koti mbili nyembamba, kingo na pembe zikipakwa kwanza kwa brashi kwa sababu rangi inazikimbia, kisha koti mbili za rangi ya mafuta. Kati ya koti na koti, saa 24. Paka kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Kabla ya hapo chuma bado ni baridi kuliko hewa na kina umande usiouona, baada ya hapo umande wa jioni unafika rangi ikiwa mbichi na kuifanya kuwa na ukungu mweupe.

Kurudisha habu

Jaza kikombe grisi mpaka nusu, panga gololi mpya, ingiza ekseli. Kaza koni, ile nati yenye ncha inayobana gololi, kwa vidole mpaka mchezo uishe, rudisha robo mzunguko, shika koni kwa spana nyembamba na ukaze nati ya nje dhidi yake. Nati itaisukuma koni ndani kidogo, ndiyo maana ulirudisha ile robo. Funga gurudumu, liinue, liachie bila kulisukuma: upande mzito, mara nyingi wenye valvu, unapaswa kushuka wenyewe, kuyumba mara chache na kusimama chini. Likikwama njiani umekaza mno, na vikombe vitaota vishimo. Likitikisika ubavuni, kaza kidogo tena. Mwisho, zungushia grisi kwenye mdomo wa koni kwa nje. Itakusanya vumbi, lakini vumbi linafutwa kwa kitambaa, na chumvi itanasia pale kabla ya kufika kwenye gololi.